Ndege Aliyekatwa Mkia

Mvua ilimsukuma yule mama mgeni hadi ndani ya duka kabla hajapata nafasi ya kubisha. Alisimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye ncha ya pua.

"Hodi, jamani," alisema. "Samahani, napiga hodi nikiwa tayari ndani."

"Karibu, dada. Mvua hii haina adabu," alijibu mwenye duka bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Uzi, mpe mgeni kiti. Na taulo, mwanangu, usisimame tu hapo."

Uzi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu na mwembamba. Tangu alipoanza kutambaa alikuwa akikutwa chini ya meza ya kazi ya mama yake, amejiviringishia nyuzi za kila rangi kama zawadi iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Jina hilo la utani likamganda, na sasa hata shuleni ni wachache waliokumbuka jina lake jingine.

"Shikamoo," alisema, akinyoosha taulo.

"Marahaba, mwanangu. Mkanda wa mkoba wangu umekatika kituoni, na basi langu halijafika. Nimeona cherehani kupitia dirishani, nikasema Mungu hakunitupa."

Mama yake Uzi aliupokea mkoba, akaugeuza ndani nje, akaanza kuukagua. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Kazi yake ilikuwa kutarizi: nembo za shule kwenye masweta, majina kwenye makoti ya wauguzi, maua kwenye vitambaa vya meza. Kila Uzi alipompelekea kazi aliyoimaliza, mama alisema neno moja tu: "Geuza." Hakujali upande wa mbele ulivyong'aa. Alitaka kuona nyuma, kwenye mafundo, mahali uzi ulipoanzia na ulipoishia. Mara nyingi kazi ilirudi kufumuliwa.

Juma hilo, hata hivyo, Uzi alikuwa akitembea kichwa juu. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, katika hospitali iliyokuwa nyuma ya soko, alikuwa ameagiza foronya kumi na mbili. "Nataka kitu cha kuwafurahisha wagonjwa wangu wadogo," alisema. "Wamechoka kutazama dari." Na mama, kwa mara ya kwanza, alimwachia Uzi achague mchoro.

Uzi alikuwa ameutafuta mtandaoni kwenye simu ya mama, hadi alipompata ndege wa ajabu: mnene, mwekundu, mwenye jicho moja lililofumbwa kama anayetaka kutania, na mabawa yaliyotawanyika juu yake kama anayekimbiza jua. Aliuchapisha mchoro, akaunakili kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni, na mama akautarizi kwa cherehani. Kisha mama alimruhusu jambo ambalo hakuwahi kumruhusu. Kwenye kona ya kila foronya, Uzi alitarizi kwa mkono herufi tatu ndogo za bluu: UZI.

Foronya zote zilikuwa tayari, zimepangwa mezani. Mgeni alipokuwa akijifuta uso, macho yake yaliangukia pale. Taulo likabaki shavuni.

"Huyu ndege," alisema polepole, "mmempata wapi?"

"Mtandaoni," Uzi alijibu, akijivuna kidogo. "Mimi ndiye niliyemchagua. Wala si wizi! Shuleni tulifundishwa. Kuna picha zenye leseni huria, yaani mwenyewe ameruhusu kila mtu azitumie. Hii ilikuwa na ruhusa kabisa."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Anajiita Mfalme wa Picha. Iliandikwa: 'Nimechora mwenyewe. Ruksa kutumia upendavyo.'"

Mgeni aliinua foronya moja, akapitisha kidole juu ya bawa, kisha kwenye mkia. Hapo akasita. Mkia ulikuwa mfupi, wenye kishada cha manyoya madogo.

"Kishada hiki ni chako?"

Uzi alishangaa. Hakuna mtu wa nje aliyejua habari za kishada. Kwenye picha, mkia wa ndege ulikuwa umekomea ghafla ukingoni mwa karatasi, umenyooka kabisa, kama uliokatwa kwa mkasi. Mama mwenyewe alikuwa ameuliza, "Mbona mkia umekatika?" na Uzi alikuwa amejibu, "Ndivyo alivyo, mama," kisha akauongezea kishada ili upendeze.

"Ni changu," alikiri. "Umejuaje?"

Mgeni aliketi. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomtia Uzi wasiwasi zaidi.

"Mimi ni mwalimu," alisema. "Nafundisha watoto viziwi. Darasa letu lina mlango wa bluu, basi tunajiita watoto wa Mlango wa Bluu. Mwaka jana walimchora ndege. Wao huzungumza kwa mikono, kwa hiyo waliona ni haki ndege wao aruke kwa mikono. Hesabu manyoya ya bawa, mwanangu."

Uzi alihesabu. Matano. Akahesabu upande wa pili. Matano. Moja kati ya hayo matano lilikuwa fupi na limekaa pembeni. Alikuwa ameyanakili mabawa hayo mara kumi na mbili bila kugundua kwamba alikuwa akinakili viganja vya mtoto.

"Waliamua kumtoa ndege wao bure kwa ulimwengu mzima," mwalimu aliendelea. "Ombi lao lilikuwa moja tu. Mkia ulishuka mrefu kama uzi hadi chini, ukaishia kwenye maneno yao: 'Ndege huyu ni wa watoto wa Mlango wa Bluu. Mtumie, kisha utuambie amefika wapi.' Tuna ukuta mzima tulioutenga kwa ajili ya majibu. Una karatasi mbili. Moja nimeibandika mimi." Alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika machoni. "Yupo mmoja, mdogo kuliko wote, mikono hiyo ni yake. Kila Jumatatu ananiuliza kama ndege ametua mahali. Juzi ameniambia labda ni ndege mbaya, ndiyo maana hakuna anayemtaka."

Mvua iligonga bati. Mama alikuwa amesimamisha cherehani.

"Kumbe anatakiwa," Uzi alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilimpenda siku ileile."

"Naona hivyo. Ila usiniamini kwa maneno tu, maana hata Mfalme wa Picha alitoa maneno tu. Kaangalieni wenyewe." Mwalimu aliandika jina la ukurasa wa darasa lake na namba ya simu kwenye kipande cha karatasi ya kaboni. "Nyinyi hamkukata mkia. Na kazi mmeshaimaliza, siwezi kuwaambia mfumue. Watoto wagonjwa wanazisubiri."

"Nitaandika maneno yao," Uzi alisema kabla hajafikiri. "Kama ni kweli ni wao, nitayaandika kwenye kila foronya, na Jumatatu nitawatumia picha ya kubandika ukutani, kabla yule mdogo hajauliza tena. Naahidi."

Basi lilipiga honi nje. Mama aliufunga mshono wa mwisho, akaukata uzi, akauvuta mkanda kwa nguvu kuujaribu. "Chukua, dada. Huo hautakatika tena. Weka pesa yako, leo umetuletea kazi nyingine."

Mgeni alipoondoka, Uzi alimgeukia mama yake.

"Mama, unadhani anasema kweli?"

"Naona kama anasema kweli," mama alisema. "Lakini hata yule Mfalme wako ulimwona kama anasema kweli. Uliponiambia umehakikisha, ulihakikisha nini hasa?"

Uzi alifikiri. "Nilisoma pale palipoandikwa ruksa."

"Basi uliona mbele tu, mwanangu. Hukugeuza."

*

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Uzi alikimbilia chumba cha kompyuta. Nyuma yake alifuata rafiki yake aliyeitwa Redio, msichana ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpata akiwa kimya, isipokuwa siku alipong'olewa jino.

"Yaani umekula chakula chako cha mchana mbiombio kwa sababu ya ndege?" Redio alilalamika. "Ndege wenyewe hata si wa kuchoma!"

"Wewe njoo tu."

Mwalimu wa kompyuta, kijana mwenye miwani iliyoshikiliwa na gundi, alisikiliza habari yote bila kuikatiza. Kisha akavuta kiti.

"Kosa hili hulifanya watu wazima wengi," alisema. "Tunauliza, 'Je, picha hii imeruhusiwa?' Tunasahau kuuliza, 'Aliyeiruhusu ndiye mwenyewe?' Redio, nikikwambia baiskeli iliyo nje ni bure, ichukue, utaichukua?"

"Ile nyekundu? Mbio, mwalimu!"

"Ni ya mwalimu mkuu."

"Ah! Basi nimeirudisha."

Walicheka wote. Mwalimu akawaonyesha namna ya kutafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno. Waliipakia picha ya ndege, na kompyuta ikaleta kila mahali ilipoonekana. Ndege alijaa kwenye kioo: kwenye vikombe, kwenye daftari, kwenye tangazo la sabuni. Kila mahali mkia ulikuwa umekatwa palepale.

"Tafuteni iliyotangulia kuliko zote," mwalimu alisema. "Na tafuteni iliyo nzima. Mtu anaweza kukata kipande cha picha, lakini kurudisha kipande ambacho hajawahi kuwa nacho ni kazi ngumu."

Walishuka chini, chini zaidi, Redio akisoma tarehe kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Mwisho wakafika kwenye ukurasa wa kawaida, usio na mapambo, wenye jina lilelile lililokuwa kwenye karatasi ya kaboni. Ulikuwa umewekwa miezi mingi kabla ya ule wa Mfalme wa Picha. Ndege alikuwepo mzima. Mkia wake ulishuka, ukazunguka, ukaendelea kushuka hadi kwenye maneno ya watoto. Chini yake kulikuwa na picha za siku ya kuchora: meza zilizochafuka rangi, mlango wa bluu, na mtoto mmoja asiye na meno ya mbele, amenyoosha viganja viwili vyekundu kuelekea kamera.

Uzi aliinua mchoro wake na kuulinganisha na viganja hivyo. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimepinda kidogo. Bawa la kushoto nalo lilikuwa hivyohivyo.

Hata Redio alinyamaza.

"Basi," Uzi alisema. "Ni wao."

"Ni wao," mwalimu alikubali. "Sasa tuwaandikie wenye ile tovuti, tuwaeleze na kuwaonyesha ushahidi huu. Sijui kama watajibu leo au mwakani. Lakini sehemu iliyo mikononi mwako wewe, hiyo huna haja ya kuisubiri."

*

Ile sehemu iliyokuwa mikononi mwake ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani.

"Cherehani siwezi kukupa," mama alimwambia jioni hiyo. "Masweta ya shule yanatakiwa Jumatatu, na foronya muuguzi anazifuata Jumatatu hiyohiyo asubuhi. Ukitaka maneno, utayatarizi kwa mkono."

"Nitatarizi kwa mkono."

"Na yatakaa wapi?"

Uzi aliitandaza foronya. Ndege alikuwa amejaza katikati. Pindo la juu lilikuwa la kufungia. Nafasi pekee ambayo mkia ungeweza kuifikia ni ile kona ya chini, na kwenye kona ile kulikuwa na herufi tatu za bluu.

Aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu darasani kwamba jina lake litalaliwa na watoto hospitalini. Alikuwa amewazia mtoto mmoja akiamka, akisoma UZI, akiuliza, "Huyu ni nani?" na muuguzi akimjibu.

"Unaweza kuandika kwa herufi ndogo sana pembeni ya jina lako," mama alisema kwa upole. "Mimi sitakulazimisha, mwanangu. Kazi ya mikono yako ipo pia humu."

"Hayataonekana, mama. Tena mkia utapita juu ya jina langu." Aligusa herufi za bluu kwa kidole. "Wao wamekatwa mara moja. Sitaki kuwabana tena kwenye kona waliyotakiwa kuwa nayo."

Akachukua mkasi mdogo wa kufumulia.

Jumamosi asubuhi Redio alifika amebeba taulo begani. Shangazi yake alikuwa akiwapeleka kuogelea, safari waliyoingojea tangu mwanzo wa muhula.

"Twende! Shangazi ameshawasha gari, na ukimchelewesha anaanza kuimba, nawe unajua anavyoimba."

Uzi aliinua kichwa. Alikuwa amezungukwa na foronya, uzi mwekundu ukining'inia mdomoni. "Siwezi. Nimemaliza nne tu."

"Nne? Uzi! Yule mwalimu mwenyewe alisema si lazima! Tena hayupo hapa. Atajuaje?"

"Nitajua mimi. Na yule mtoto asiye na meno atauliza Jumatatu."

Redio alimwangalia, akaangalia gari, akaangalia tena foronya. Akatoka. Uzi alisikia mlango wa gari ukifungwa, na injini ikiondoka. Aliuma midomo, akainamia sindano, na kwa dakika kadhaa mishono yake ilikwenda ovyo kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Mama aliona. Alisogeza tu kiti chake karibu, mgongo wa Uzi ukagusana na wake, na cherehani ikaendelea kuunguruma.

Ilipofika jioni, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Redio aliingia, nywele zimelowa, ananuka maji ya bwawa.

"Bwawa lenyewe lilikuwa baridi," alitangaza, ingawa uso wake ulionyesha wazi kwamba halikuwa baridi hata kidogo. "Nipe kazi. Ila sijui kutarizi, msije mkanicheka."

"Tunga nyuzi kwenye sindano," Uzi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Na uwe unaongea. Nimechoka kusikiliza cherehani."

Hilo Redio aliliweza bila kufundishwa. Walifanya kazi hadi chakula cha jioni, wakaendelea Jumapili baada ya kufua. Foronya baada ya foronya, kishada cha uongo kilifumuliwa, mkia ukarefuka, ukashuka, ukazunguka, ukafika kwenye kona, na hapo maneno mekundu yakajitokeza: *Ndege wa watoto wa Mlango wa Bluu.* Vidole vya Uzi vilikuwa vimetobolewa mahali pengi. Kila aliyoimaliza aliigeuza mwenyewe, bila kuambiwa, na mbili kati ya hizo alizifumua na kuzirudia.

Ya mwisho alimpelekea mama. Mama aliishika, akaigeuza, akaufuata uzi kwa kidole kutoka kwenye herufi ya mwisho, kupitia mkiani, hadi kwenye ndege. Hakupata hata fundo moja la kulalamikia.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Na wewe, Redio, kaa, unyamaze kidogo kama unaweza. Mtu anapotoa kazi yake bure, haina maana kwamba haimhusu tena. Ametuamini tu. Kabla hatujaitumia, tufuate tulikopewa hadi tujue ilikoanzia, kama ninavyofuata uzi huu. Tuulize nani aliyeifanya, na anataka tuitumieje. Ukiona mahali pamekatwa, usipambe pale. Uliza kwa nini pamekatwa. Mimi mwenyewe niliuona mkia ule nikanyamaza, kwa hiyo kosa lilikuwa letu sote, na mmelisahihisha vizuri. Jina lako halipo kwenye kona, lakini mimi ninajua mishono hii ni ya nani, na leo nimeiheshimu kuliko siku zote."

Uzi alisogea karibu. Aliegemeza kichwa kwenye bega la mama. Redio alipenga kamasi kwa sauti kubwa, akasingizia maji ya bwawa.

Jumatatu, kabla muuguzi mkuu hajafika na kabla ya kengele ya shule, waliitandaza foronya moja juu ya mto kwenye dirisha la duka, mahali penye mwanga. Uzi aliipiga picha kwa simu ya mama. Chini yake akaandika: *Ndege wenu anatua leo hospitalini, kwenye mito ya watoto kumi na wawili. Anapendwa sana.* Akaituma kwa ile namba iliyokuwa kwenye karatasi ya kaboni.

Jibu liliwakuta jioni dukani, wakifunga vitabu vyao kwenye mifuko baada ya kazi ya shule. Ilikuwa video fupi, isiyo na sauti yoyote isipokuwa kishindo cha viti. Kwenye ukuta mpana kulikuwa na karatasi ya tatu, ambayo gundi yake haijakauka. Mbele yake darasa zima lilikuwa limeinua mikono juu na kuitikisatikisa, maana hivyo ndivyo watoto wale wanavyopiga makofi. Na mbele yao wote alisimama mtoto asiye na meno ya mbele, viganja vyake viwili vimetawanyika hewani, vikipaa.